Hiki, Huyu

Vipande mia mbili kumi na viwili,
kijivu vyote, vimening'inia kwenye fremu zake
kama funguo za nyumba nisiyoijua.
Dada alivileta sandukuni, kati ya sweta na chokoleti:
"Si wewe ndiwe mwenye mikono?"

Mchana mimi hutengeneza meno.
Wazee wa Njoro na Rongai huja wamefunika vinywa kwa kiganja,
hutoka wakitafuta mahindi ya kuchoma.
Usiku, Bondeni, juu ya meza ile ile,
nakata kwa kisu cha nta,
napiga msasa hadi ukucha usiuone mshono.

Kwamboka wa mlango wa pili, darasa la tatu,
kaegemeza kidevu mezani:
"Kifaru huyu, pembe yake iko wapi?"
Hiki, nikamsahihisha. Kifaru hiki. Si mnyama.
Lakini shule yao ilikwenda mbugani mwezi jana,
akamwona wa kweli akijikuna kwenye mgunga.
Nikamwonyesha mzinga.
"Mbona imemtoka ubavuni?
Huyu ni mgonjwa."

Minyororo: pingili sabini na tisa kila upande,
pingili moja, pumzi moja.
Gurudumu moja halikuwemo.
Nilitikisa sanduku, nikapekua sweta. Halikuwemo.
Basi nikalifanyia nilifanyialo pengo lolote:
nikachukua alama ya jirani yake,
nikamimina plasta, nikangoja,
likatoka jeupe, tayari kutafuna.

Karatasi ya maelekezo inataja rangi kwa namba.
Muuza rangi nyuma ya soko hajaisikia.
"Ya geti au ya paa?"
Nikachukua ya geti, nikaichafua kwa nyeusi,
manjano kidogo, tone la kahawia,
hadi ikafanana na sukuma wiki iliyolala.
Tabaka jembamba. Ngoja. Tabaka jembamba.

Vumbi sikununua.
Nilifungua dirisha tu, Februari,
upepo wa Menengai ukaingia bila hodi.
Nikafagia kizingiti, nikachekecha kwa soksi,
nikapaka kwa brashi kavu palipo na miguu na matope.

Babu arap Sitienei alikwenda Bama na Keya,
akarudi na blanketi na sikio moja linalosikia.
Vita hakuvisimulia. Alisema tu, "Kifaru yule.
Yeye mbele, sisi nyuma, mkono mgongoni pake.
Chuma cha moto, lakini huachii.
Akisimama, unasimama."
Kile, babu, nilikuwa nikimwambia, nimetoka shule na daftari langu. Kile.
Akanigeuzia sikio zima, akangoja nimalize.
"Yule."

Sandukuni mna watu watatu:
dereva, mpiga mzinga, na mwenye darubini.
Wa nyuma hayumo.
Nikamchonga kwa akriliki ya fizi, ndiyo niliyokuwa nayo,
waridi kama nyuso za wale watatu kwenye picha ya jalada.
Mmoja kwa thelathini na tano:
babu yangu ni sentimita tano.

Kifaru kilikauka kwa siku mbili.
Babu alinichukua wiki.
Kahawia ya dukani ni ya milango.
Nikaongeza nyekundu, nikaongeza buluu kwa ncha ya sindano,
nikapima juu ya kifundo cha mkono wangu,
nikafuta, nikapima.
Halafu mkono wake haukufika kwenye chuma.
Ulipungua kidogo tu, unene wa ukucha.
Nikamvunja bega, nikaliunga upya.

Kwamboka akaja na kikombe cha uji.
"Na hiki je?"
Huyu, nikasema.
Akainama hadi pua ikagusa vumbi.
"Kwa nini anamsukuma?"

Sikumsahihisha.
Nilikuwa na meno ya mzee wa Rongai,
anayataka kesho saa mbili.